Wifi, usiuze kiwanja: insulini, kongosho zima, vijisiwa na seli shina kwenye mzani mmoja

Simu ya ndugu ikilia saa tano usiku, moyo huenda mbio kabla hujapokea. Safari hii hapakuwa na msiba. Wifi yangu alikuwa ametumiwa video kwenye kundi la WhatsApp: wagonjwa wa kisukari huko Amerika ya Kaskazini wamepandikiziwa seli, na sasa hawajichomi insulini. "Wifi," akasema, "nikikiuza kile kiwanja cha Kibaha, hela itatosha kumpeleka mtoto? Yeye kachoka na sindano, na mimi nimechoka kumwangalia."

Mtoto ana miaka 12, na kisukari cha aina ya kwanza anacho tangu darasa la kwanza. Niliomba siku tatu. Mimi si daktari. Nimefanya kazi maabara ya hospitali zaidi ya nusu ya umri wangu, kwa hiyo nikishika ripoti ya utafiti najua pa kutazama kwanza: walikuwa wagonjwa wangapi, walifuatiliwa muda gani, na waliendelea kumeza nini baada ya kamera kuzimwa.

Hilo la mwisho ndilo video haikuligusa. Haikusema uongo, ila iliweka sindano upande mmoja wa mzani na uhuru upande wa pili, ikaishia hapo. Nimejaribu kujaza kilichobaki, kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye swali kama lake.

Kwanza: kisukari kipi?

Yote yanayofuata ni ya aina ya kwanza, ile ambayo kinga ya mwili imeziua seli za beta zinazotengeneza insulini. Mjomba aliyegundulika na miaka 55, ana kitambi na anameza metformini, hayumo humu. Kongosho lake bado linatoa insulini. Mwili ndio hauiitikii. Nalisema mapema kwa sababu wengi wanaoniuliza huwa wanamuulizia mjomba.

Mwaka 1869 kijana wa Berlin aitwaye Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, aliona kwenye hadubini vikundi vya seli vilivyotawanyika ndani ya kongosho kama visiwa baharini. Kongosho la mtu mzima lina vijisiwa hivyo takriban milioni moja, na ukivikusanya vyote havifiki hata asilimia 3 ya uzito wake. Sehemu kubwa iliyobaki kazi yake ni maji ya kusagia chakula. Ukilishika hilo utaelewa kwa nini madaktari wamegawanyika: wengine wanapandikiza kongosho zima, wengine wanatafuta vijisiwa peke yake, na wengine sasa wanavitengeneza.

Insulini: tunayoilalamikia

Januari 1922, mjini Toronto, Leonard Thompson mwenye miaka 14 alichomwa insulini akiwa amebaki mifupa. Kabla yake, mtoto wa aina ya kwanza alinyimwa chakula ili asogezewe siku, kisha akafa. Mtoto wa wifi anacheza mpira.

Kwamba sindano zikitumiwa kwa umakini zinalinda mwili si suala la imani. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada kati ya 1983 na 1993, wenye wagonjwa 1,441, ulionyesha kwamba waliobana sukari yao kwa sindano nyingi au pampu walipunguza hatari ya kuharibika macho kwa asilimia 76. Figo na mishipa ya fahamu nayo ilinufaika. Lakini watu haohao walipata mishtuko mikali ya sukari kushuka karibu mara 3 ya wenzao. Mtego wa insulini ndio huo: ukiikaza kamba, sukari inaweza kukuponyoka kuelekea chini.

Mashine zimelegeza mtego huo. Sensa inakaa kwenye ngozi na kusoma sukari kila baada ya dakika chache, pampu inapunguza au kuongeza insulini yenyewe. Kwenye utafiti uliochapishwa 2019, wagonjwa 168 walifuatiliwa miezi 6; waliopewa mfumo huo walitoka asilimia 61 ya muda wao wakiwa ndani ya kiwango salama, wakafika 71. Kwa siku moja ni nyongeza ya zaidi ya saa mbili, bila kisu na bila dawa ya kushusha kinga. Tatizo ni mfuko: sensa hubadilishwa kila baada ya wiki moja hadi mbili, maisha yote.

Na kwa wasio na friji: Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima insulini katika joto la kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya. Matokeo yaliyotoka 2021 yalionyesha inavumilia joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki 4 bila kupoteza nguvu. Nilimsomea wifi aya hii mara mbili, maana kila umeme ukikatika huwa anampigia simu jirani mwenye jenereta.

Kongosho zima: kisu kikubwa, jibu la haraka

Mara ya kwanza ilikuwa Desemba 1966, Chuo Kikuu cha Minnesota. Kongosho la marehemu huwekwa chini tumboni, lile la zamani likaachwa mahali pake. Likishika, sukari hutulia mara moja, na wengi wa waliopandikizwa kongosho na figo kwa pamoja bado hawatumii insulini miaka mitano baadaye. Kwa kudumu, hii ndiyo inayoongoza katika orodha hii.

Gharama yake ni kwamba unapokea hata usichokihitaji. Yale maji ya kusagia chakula lazima yaelekezwe kwenye utumbo. Yakivuja, yanakula nyama. Damu ikiganda kwenye mishipa ya kongosho jipya siku za mwanzo, linatolewa. Ndiyo maana mara nyingi hufanyiwa mtu ambaye figo zake zimeshakufa na anahitaji figo hata hivyo. Dawa za kushusha kinga, zile zinazozuia mwili usikishambulie kiungo cha mtu mwingine, atazimeza tu, basi aunganishiwe na kongosho.

Hapa kwetu Tanzania, hospitali ya Muhimbili imekuwa ikipandikiza figo tangu 2017, zikitolewa na ndugu walio hai. Kongosho, na vijisiwa nitakavyovieleza sasa hivi, kwa kawaida hutoka kwa mtu ambaye ubongo umekufa huku moyo ukisaidiwa kudunda. Hiyo ni mipangilio mingine kabisa, ya sheria, helikopta na vyumba vya wagonjwa mahututi.

Vijisiwa: sindano moja ndefu kwenye ini

Hapa niruhusuni nikae, maana ni kazi ya maabara na mimi ni mtu wa maabara.

Kongosho la marehemu linafika likiwa kwenye barafu. Linadungwa kimeng'enya kiitwacho kolajenezi, kinacholegeza gundi inayoshikilia tishu, kisha linatiwa kwenye chombo cha chuma chenye gololi ndani na kutikiswa kwa joto la mwili. Chombo hicho kimepewa jina la Camillo Ricordi, aliyeeleza njia hiyo 1988. Ukichelewa kusimamisha, vijisiwa vinasagika; ukiwahi, vinabaki vimenasa. Baada ya hapo vinazungushwa kwenye mashine ili vijitenge na uchafu kwa uzito wake. Mwisho wa siku ya kazi una mililita chache tu za tishu.

Mgonjwa hapasuliwi. Mtaalamu wa picha anapitisha sindano ubavuni hadi kwenye mshipa mkuu unaoingiza damu kwenye ini, mfuko unaning'inizwa kama dripu, na vijisiwa vinateremka vyenyewe. Vinakwama kwenye vijishipa vya ini na kuanza maisha huko. Hatari zipo: kuvuja damu pale sindano ilipopita, au mshipa kuziba. Na damu yenyewe inawapokea wageni vibaya. Sehemu kubwa ya vijisiwa hufa saa za mwanzo. Hivyo mara nyingi kongosho la mtu mmoja halitoshi, mgonjwa hurudi kwa dozi ya pili au ya tatu.

Mwaka 2000 timu ya James Shapiro mjini Edmonton, Kanada, ilitangaza wagonjwa 7, wote wameacha insulini. Siri yao ilikuwa vijisiwa vingi zaidi na mchanganyiko wa dawa za kinga usio na steroidi, kwa kuwa steroidi hupandisha sukari. Magazeti yakaandika "tiba". Kisha njia hiyohiyo ikajaribiwa kwenye vituo 9 vya Amerika ya Kaskazini na Ulaya, wagonjwa 36, matokeo yakachapishwa 2006: mwaka mmoja baada ya dozi ya mwisho, 16 walikuwa hawatumii insulini. Miaka miwili, kati ya hao 16, wamebaki 5.

Edmonton wenyewe hawakuacha kuhesabu. Mwaka 2022 walichapisha habari za wagonjwa 255 waliopandikizwa kwa miaka 20. Bila insulini kwa mwaka mmoja: asilimia 61. Miaka mitano: 32. Miaka kumi: 20. Miaka ishirini: 8.

Ukisoma tarakimu hizo kwa jicho la wifi, yaani "mtoto aache sindano", hii ni biashara mbaya. Lakini watafiti waligundua walikuwa wanauliza swali lisilo lenyewe. Katika kundi hilohilo, asilimia 70 walibaki na vijisiwa vinavyofanya kazi, hata kama vingine vimekufa na mgonjwa amerudia insulini kidogo. Na vijisiwa vichache vilivyo hai vinatosha kwa jambo moja kubwa: kumzuia mtu asizimie. Kijisiwa hupunguza insulini chenyewe sukari ikianza kushuka. Hakuna kalamu ya insulini inayoweza kuirudisha dawa ikishaingia.

Kuna watu ambao baada ya miaka mingi ya aina ya kwanza hawahisi tena sukari ikishuka. Hawatoki jasho, hawatetemeki. Yuko kwenye usukani wa gari, kisha hayupo. Kwa hao ndiyo tiba hii iliyotengenezwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2016 ulikuwa wa wagonjwa 48 wa namna hiyo hasa. Baada ya mwaka, asilimia 87.5 walikuwa na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, chini ya asilimia 7 bila mshtuko mkali hata mmoja, ingawa walioacha insulini kabisa walikuwa nusu tu. Ufaransa nao walifanya lile ambalo wengi hukwepa: waligawanya watu 50 kwa bahati nasibu, wengine vijisiwa, wengine insulini ya umakini. Baada ya miezi 6, kati ya 25 wa upande wa vijisiwa, 16 walifikia lengo lililowekwa. Upande wa insulini hakuna.

Uingereza imekuwa ikitoa huduma hii hospitali za serikali tangu 2008, kwa watu wa aina hiyo, si kwa kila anayetaka. Marekani ilisubiri hadi Juni 2023, FDA, mamlaka yao ya dawa, ilipoidhinisha vijisiwa vya kampuni ya CellTrans ya Chicago kwa jina la Lantidra. Ushahidi wake: wagonjwa 30. Kati yao 21 walikaa mwaka au zaidi bila insulini, 10 kati ya hao walipita miaka mitano, na 5 hawakuiacha hata siku moja.

Seli shina: ile video

Makongosho ya marehemu hayatatosha dunia hata tufanyeje. Hivyo kampuni ya Vertex ya Boston inakuza maabara seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuzwa kuwa za aina nyingine, inazifundisha hatua kwa hatua hadi zinakuwa kama vijisiwa, kisha zinapitishwa kwenye mshipa uleule wa ini. Matokeo yalitangazwa Juni 2025. Waliopata dozi kamili na kufuatiliwa mwaka mzima ni 12. Wote walikuwa na HbA1c chini ya 7 na hawakupata tena mishtuko mikali, na 10 waliacha insulini. Hii ndiyo video ya wifi, na ni habari kubwa kweli. Kwa dozi moja wamevuka kile ambacho vijisiwa vya marehemu huhitaji dozi mbili au tatu.

Katika utafiti huohuo wagonjwa wawili walifariki. Mmoja kwa maradhi ya ubongo aliyokuwa nayo kabla. Wa pili kwa homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu, ule ugonjwa ambao wauguzi wetu wanaujua vizuri kutoka wodi za VVU. Unampata mtu ambaye kinga yake imeshushwa.

Dawa ambazo video haikuzionyesha

Kongosho zima, vijisiwa vya Chicago, seli za Boston: zote zinakuja na dawa ya kushusha kinga, takrolimasi au ndugu zake, kila siku, kwa muda wote pandikizi linapoishi. Ukiacha, mwili unazila seli. Usipoacha, maambukizi yanapata mlango na saratani za ngozi na damu zinaongezeka. Takrolimasi yenyewe inaumiza figo, ambazo kisukari kilikuwa kinaziwinda tayari. Na kwa kejeli ya ajabu inazidhuru pia seli za beta ulizozifuata.

Ongeza ya kwetu. Kifua kikuu kilicholala mwilini huamka kinga ikishushwa. Chanjo ya homa ya manjano ni ya virusi hai, hivyo hairuhusiwi kwa mtu huyu. Vipimo vya kiwango cha dawa kwenye damu vinatakiwa mara kwa mara, na si kila mkoa una mashine.

Kwa hiyo sindano za mtoto hazibadilishwi na uhuru. Zinabadilishwa na vidonge, na vidonge hivyo vina meno marefu kuliko insulini.

Wale walioondolewa kongosho kwa sababu lilivimba na kuuma kwa muda mrefu wanathibitisha kwamba tatizo lipo hapo hasa. Tangu 1977, Minnesota imekuwa ikitoa kongosho la mgonjwa, ikichuja vijisiwa vyake mwenyewe na kumrudishia kwenye ini. Hawahitaji dawa ya kinga, maana si wageni. Watafiti wa Tianjin, China, walifuata njia ya jirani: walichukua seli za mwanamke wa miaka 25, wakazigeuza kuwa seli shina kwa kemikali, wakazifanya vijisiwa, na Juni 2023 wakazipandikiza kwenye ukuta wa tumbo lake. Siku ya 75 aliacha insulini. Ila alikuwa tayari anatumia dawa za kinga kwa sababu ya ini alilopandikizwa zamani, kwa hiyo yeye hawezi kutuamulia kesi.

Jaribio linalonifanya nisogeze kiti ni la Uppsala, Sweden. Vijisiwa vya marehemu vilikatwa baadhi ya jeni ili kinga isivitambue, vikaongezewa jeni moja ya kuituliza, vikachomwa kwenye misuli ya mkono wa mgonjwa mmoja. Hakupewa dawa yoyote ya kinga. Taarifa ya 2025 ilisema baada ya wiki 12 vilikuwa hai na vinatoa insulini. Ilikuwa dozi ndogo ya kujaribia usalama, mgonjwa bado anajichoma. Mtu mmoja, wiki 12. Katika maabara yangu hiyo si matokeo, ni sababu ya kurudia kipimo. Lakini ningekuwa na kura, ningeipa njia hii.

Nani achukue nini

Mtoto au kijana ambaye sukari yake inapanda na kushuka lakini bado anahisi ikishuka: insulini, na hela yoyote ya ziada iende kwenye sensa kabla ya pampu. Lantidra ni ya watu wazima. Utafiti wa Boston uliochapishwa nao ulianzia miaka 18. Kwa mtoto wa wifi mlango haujafunguliwa hata kama kiwanja kingekuwa Masaki. Tanzania na Kenya zimo kwenye mpango wa Changing Diabetes in Children, unaowapa watoto insulini bure kwenye kliniki zilizosajiliwa. Wengi hawajui, wananunua.

Mtu mzima ambaye ameshazimia mara kadhaa na hapati dalili, ambaye sensa na elimu vimeshindwa, na anaishi Uingereza, Kanada, Ufaransa au Marekani: huyu aulizie vijisiwa, na aulize kwa sauti. Wapo ndugu zetu huko ambao hawajawahi kuambiwa kwamba huduma ipo. Mwili mzito au mahitaji makubwa ya insulini humpunguzia nafasi, kwani vijisiwa havitamtosha.

Aliye na figo zilizokufa: figo kwanza, na kongosho pamoja nayo pale inapowezekana. Aliyewahi kupandikizwa figo na bado anazimia, vijisiwa vinamfaa kuliko wote, maana dawa anazimeza tayari.

Seli shina kwa sasa ni za kwenye utafiti tu, na utafiti halisi una alama zake. Una namba kwenye daftari la wazi la tafiti, kama lile la Marekani au lile la Afrika lililopo Cape Town. Una fomu ya ridhaa inayokueleza unaweza kujitoa siku yoyote. Una kamati ya maadili unayoweza kuipigia. Kwa Tanzania ni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, inayosimamia. Na haukuuzii dozi. Niliwahi kuonyeshwa na jamaa yangu karatasi ya kliniki moja ng'ambo, sitaitaja, iliyoahidi seli shina kwa aina zote mbili za kisukari, malipo nusu kabla ya safari. Haikuwa na namba yoyote zaidi ya ya akaunti.

Siku ya tatu nilienda mwenyewe, sikutaka kuyasema haya kwenye simu. Wifi alisikiliza akiwa anachambua mchele, akauliza bei ya sensa, akaandika nyuma ya kalenda. Mtoto alikuwa na swali lake. "Shangazi, hivyo vijisiwa vinaonekana kwa macho?" Nikamwambia ni vidogo kuliko punje ya chumvi, ila maabara wanavitia dawa iitwayo daithizoni, inashika madini ya zinki yaliyomo pamoja na insulini, vinakuwa vyekundu kabisa na mengine yote yanabaki rangi yake.

"Kama pilipili ya kusaga," akasema, akachukua kalamu yake na kuuliza kuna wali kiasi gani.